Risasi mbili za Mafinga

Toledo, Ohio
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Ndugu yangu Rajabu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo.

Barua yako niliipata Alhamisi. Kabla ya kuisoma niliutazama mwandiko kwa muda mrefu. Mwandiko wako naujua tangu kidato cha tano, herufi zimelalia upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo, na huu haukuwa ule. Nilipofika mstari wa tatu ndipo nikaelewa kwamba umeandika kwa mkono wa kushoto. Kurasa mbili nzima, miezi saba tu baada ya kiharusi! Nilimsomea mke wangu kwa sauti, nikashindwa kufika mwisho, akamalizia yeye.

Unaniuliza habari ya bastola. Naona dada amekueleza, tena kwa hofu, maana umeuliza nimekuwa mtu gani huku. Swali lako ni la haki na nitalijibu lote.

Ni kweli, ninayo. Najua pia neno hilo linavyosikika kwetu: bastola ni ya jambazi, au ya tajiri anayemwogopa jambazi, na mtu wa kawaida akionekana nayo majirani huanza kunong'ona. Yangu haitoki nyumbani ila kwenda uwanja wa shabaha. Sikuinunua ili nijilinde na mtu. Kazi yake ni kutoboa karatasi, basi.

Ni Ruger Mark IV, ya chuma kisichoshika kutu, mtutu wake inchi tano na nusu, na uzito wake unazidi kilo moja. Kampuni ya Ruger ilianza mwaka 1949 kule Connecticut kwa bastola ya ukoo huu huu, na ukiiweka yangu kando ya ile ya kwanza utajua ni watu wa nyumba moja. Zile za zamani zilikuwa zinawatesa wenyewe siku ya kuzisafisha. Kuzifungua unaweza, kuzirudishia ndiyo kazi. Toleo hili, lililotoka mwaka 2016, lina kitufe kimoja kwa nyuma. Ukikibonyeza tu inafunguka.

Risasi zake ni za .22, kipenyo milimita 5.6. Kile kichwa kinachoruka kina gramu mbili na nusu hivi, chepesi kuliko sarafu yako ya shilingi mia. Risasi za aina hii zimekuwapo tangu 1887. Huwashwa ukingoni mwa kitako cha ganda, si katikati kama zile tulizopewa jeshini, kwa hiyo ganda likishapigwa ni la kutupa. Ninazonunua mimi huenda polepole kuliko sauti, na mlio wake ni mfupi na mkavu, kama mtu amevunja ubao mwembamba. Hata hivyo udogo wake usikudanganye. Ikipita juu ya tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikimpata mtu inaua. Sijawahi kuishika nikalisahau hilo.

Sasa turudi kambini Mafinga, 1989. Unaikumbuka ile asubuhi ya renji, ukungu umetanda, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na afande anapita nyuma yetu akigongagonga fimbo kwenye buti? Risasi tano kila kuruta. Mimi nilizipiga zote tano nikiwa nimefumba macho. Afande alipokwenda kuhesabu, karatasi yangu ilikuwa na matundu mawili na yako matatu, akasema wote wawili tunapita. Usiku ule hangani ndipo uliponinong'oneza kwamba risasi zako mbili za mwisho ulizielekeza kwenye karatasi yangu, kwa sababu uliniona nimefumba macho na ulijua adhabu iliyomngoja aliyekosa zote. Mimi nikanuna. Siku mbili sikusema nawe. Sikukushukuru siku ile, wala sijakushukuru katika miaka hii 35, na nimekuwa nikijua kwamba sijakushukuru.

Mwaka 2017 mfanyakazi mwenzangu wa wodini alinipeleka kwenye klabu yao ya shabaha, na mimi nilikuwa bado nafumba macho. Aliyeniona ni mzee mmoja wa pale, fundi bomba mstaafu, mtu wa maneno machache. Hakunisema. Alichukua magazini yangu, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola, akageuka akanipa mgongo, akaijaza kwa kuchanganya risasi za kweli na risasi mfu zisizo na baruti, akanirudishia. Sikujua ipi inafuata. Nikapiga ya kwanza, nikapiga ya pili, na ya tatu ilikuwa mfu. Triga, kile kifyatulio, ikalia "tik", na mbele ya macho yangu mtutu ukainama chini karibu upana wa vidole vinne. Hakukuwa na mlipuko wowote wa kuusukuma. Ni mkono wangu ulioushtukia mlio ambao haukuja.

Nilijiona pale, Rajabu. Yule mzee hakuwa amenieleza neno, na hakukuwa na haja.

Tangu hapo nimekuwa nikijifunza kuachia risasi moja. Unasimama ubavu, mkono mmoja umenyooka, mwingine umeuchomeka mfukoni, kwa sababu mchezo huu wa kizamani wa Wamarekani hupigwa kwa mkono mmoja tu. Unavuta pumzi, unaitoa nusu. Jicho linabaki kwenye ile ncha ya mbele ya kulengea mpaka uione kali kama wembe, na duara jeusi kule mbali unaliacha lififie. Hapo wageni wengi hukosea, wanataka kuitazama shabaha yenyewe. Mkono haukosi kutikisika, na hulazimiki kuuzuia; unauacha utikisike ndani ya duara, huku kidole cha shahada kinaivuta triga taratibu, bila kuikurupusha. Mlio unatakiwa ukukute hujaungoja. Siku nyingine nasimama dakika nzima, naona haijakaa sawa, nautelemsha mkono na kuanza upya. Kuutelemsha huko ndiko kulikonichukua muda mrefu kuliko yote kujifunza.

Mashindano yetu ni risasi 30. Kumi za kwanza ni za polepole, yadi 50, ambazo ni kama mita 46, na una dakika kumi. Kisha mnasogea hadi yadi 25, mnapiga tano tano: kwanza mara mbili, kila mara ndani ya sekunde 20, halafu mara mbili tena, kila mara ndani ya sekunde 10. Jumla ni alama 300, na mimi bora yangu ni 251. Saa moja kutoka kwangu, ufukweni mwa Ziwa Erie, kuna Camp Perry, ambako mashindano ya kitaifa yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Nilikwenda Julai mwaka jana kutazama. Msimamizi aliita kwa kipaza sauti: kulia tayari, kushoto tayari. Nilikuwa mtazamaji tu, lakini mwili ulisimama wima wenyewe, nikakukumbuka wewe.

Umeuliza ninailazaje ndani ya nyumba yenye mjukuu. Inalala kwenye kasiki iliyofungwa kwa boliti sakafuni, risasi zake ziko kwenye sanduku jingine lenye ufunguo wake, chumba kingine. Uwanjani nikimaliza kupiga natoa magazini, nachomeka kibendera cha rangi ya chungwa kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kila mtu aone ni tupu, na kidole hakiendi kwenye triga mpaka mtutu uwe umeelekea tuta. Nikitoka nanawa mikono kwa sabuni kabla sijashika hata chupa ya maji, na shati nabadilisha kabla sijambeba mtoto, kwa kuwa vumbi la madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa lugha yetu madini hayo na kile kinachotoka mtutuni vina jina moja, na mimi naona wazee walituachia onyo humo.

Kuipata hakukuwa na shida kubwa. Nilijaza fomu, namba yake 4473, dukani wakauliza FBI, wapelelezi wa serikali kuu, jibu likaja, nikatoka nayo. Nilishangaa wepesi wake, na bado nashangaa. Zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa bunduki nchi hii wamejiua wenyewe. Mimi ni muuguzi, nimezipokea familia zao. Ndiyo sababu mama alipofariki, na usingizi ukanikimbia wiki nyingi, niliichukua bastola nikampelekea yule mzee, nikamwomba akae nayo. Hakuuliza kitu. Alinirudishia baada ya miezi miwili, imepakwa mafuta.

Kuna mtu mmoja nataka umjue. Károly Takács, Mhungaria, askari na mpiga bastola. Mwaka 1938 guruneti liliharibu mkono wake wa kulia, ule ule wa kulengea. Akaanza kujifunza kwa mkono wa kushoto. Vita vikaja, michezo ya Olimpiki ya 1940 na 1944 haikufanyika, naye akaendelea. London 1948 alipata dhahabu ya bastola ya kasi, mita 25, kwa mkono wa kushoto. Helsinki 1952 akaipata tena. Sikuambii haya kana kwamba kiharusi na guruneti ni kitu kimoja. Kazi yangu imenionyesha jinsi kiharusi kinavyomchosha mtu. Nakuambia kwa sababu niliposoma barua yako, Alhamisi usiku, ndiye niliyemfikiria.

Basi jana nilikwenda uwanjani, nikauchomeka mkono wa kulia mfukoni, nikaishika bastola kwa kushoto. Nilidhani ni jambo la kugeuza mkono tu. Lo! Triga ilikuwa ngeni, kidole kilikuwa kama cha mtu mwingine, na ile ncha ya mbele ilizunguka kama nzi juu ya sahani. Nilitelemsha mkono mara nne kabla ya risasi ya kwanza. Sasa najua kidogo, kidogo sana, kila neno la barua yako lilikugharimu nini.

Karatasi iliyokunjwa humu ndani ni ya jana. Yadi 25, risasi tano, mkono wa kushoto, macho wazi. Duara jeusi ni sentimita 14, unaweza kulipima kwa rula ya watoto. Tatu zimekwenda kwenye weupe, moja karibu na ukingo wa karatasi. Mbili zimeingia kwenye weusi.

Hizo mbili ni zako. Asante, Rajabu.

Niandikie tena, kwa mkono huo huo.

Wako,
Juma