Nyungunyungu hali risasi akaimaliza

Mhariri,

Juzi barazani kwetu Miritini mtu alileta habari kwamba nyungunyungu husafisha udongo wenye risasi na metali nyingine nzito. Mwenzake akadakia: basi na wamwagwe Owino Uhuru, mtaa wetu wa Mombasa uliotiwa risasi na kiwanda cha betri, mambo yaishe, ya nini kungoja mabilioni ya mahakama? Wote wakanigeukia mimi, maana ndiye mfugaji. Kahawa yangu ikapoa nikiwaeleza, na sidhani walinielewa, ndiyo nakuandikia.

Nafuga nyungunyungu wekundu, wale ambao wataalamu huwaita Eisenia fetida, huu mwaka wa sita. Nawalisha majani ya kabeji na maganda ninayookota soko la Kongowea, na mbolea yao nawauzia wenye bustani Nyali na Bamburi. Kazi ya kusafisha viwanja vyenye sumu ikianza hapa Mombasa, wa kwanza kutia pesa mfukoni ni mimi. Hata hivyo nasema: taratibu.

Aliyeleta habari hakusema uongo, ila aliishia njiani. Nyungunyungu hula udongo, na metali iliyomo, nyingine hubaki mwilini mwake. Ana tishu ya manjano iliyouzunguka utumbo inayoihifadhi, na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, huifunga kwa protini maalumu isimdhuru. Mpaka hapo sawa. Lakini risasi (hii isiyohitaji bunduki) ni elementi, yaani haina vipande vidogo vya kuvunjwavunjwa ikawa kitu kingine. Mafuta ya gari yakimwagika, bakteria huweza kuyavunja kidogokidogo yakaisha. Risasi haivunjiki. Ikitoka udongoni imeingia kwa nyungunyungu, na akifa akaoza palepale, imerudi ilikotoka. Tena udongo uliopita tumboni mwake, mara nyingine metali yake huyeyuka upesi zaidi na mimea kuivuta. Kwa mtaalamu aliyepanda mimea ya kuinyonya sumu ili akaing'oe na kuipeleka mbali, hiyo ni faida. Kwa mama aliyepanda mchicha nyuma ya nyumba, ni balaa.

Mwaka jana alinijia mtu mwenye kiwanja ambacho zamani vijana walikuwa wakipasulia betri chakavu za magari, ambazo ndani mna risasi. Alitaka kilo mbili za nyungunyungu, akalime sukuma. Nikamwambia niletee kwanza udongo wako kwenye ndoo. Nikachukua beseni, nusu nikatia udongo wake, nusu wa kwangu, katikati nikaweka kipande cha bati. Nikalichomoa, nikapanga nyungunyungu ishirini kwenye mstari ule, nikafunika na gunia bichi. Siku ya pili nilipofunua, upande wake walikuwa wawili tu, tena wamejikunja hawana nguvu. Kumi na mmoja walikuwa kwangu. Sina maabara, kwa hiyo siwezi kusema ni risasi au ni asidi ya betri iliyowakimbiza.

Hesabu haikutimia, umeona. Saba walipanda ukingo wa beseni usiku wakatoka, na kuku wa jirani aliwawahi alfajiri. Nilimkuta akimalizia wa mwisho. Kuku yule anataga, na mayai yake wajukuu wangu ndio huyanunua.

Hapo ndipo nilipoacha kuuza kwa watu wa viwanja. Owino Uhuru si kiwanja cha mtu mmoja. Ni mtaa mzima uliokaa ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, mtetezi wa mazingira, na wenzake walipambana mpaka mwezi Julai 2020 mahakama hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, ama zitolewe milioni 700 za kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha amri hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia Desemba 2024. Fidia ndiyo inayozungumzwa kila mahali. Udongo wenyewe hauna msemaji, na watoto wanauchezea, wanatia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kuna njia zilizokwisha fanywa. Zamfara, Nigeria, baada ya watoto mamia kufa kwa sumu ya risasi mwaka 2010, udongo wa juu ulikwanguliwa kijiji baada ya kijiji ukaenda kuzikwa, na udongo safi ukaletwa. Oakland, Marekani, mwaka uliofuata, mtaa mmoja ulichanganyiwa unga wa mifupa ya samaki: fosfeti iliyomo huishika risasi ikawa madini magumu ambayo tumbo la mtoto haliyayeyushi kirahisi. Mifupa ya samaki! Sisi tunaotupa miba kila uchao tukilaani paka.

Nyungunyungu wapewe kazi yao hapo. Wawe mashahidi kwanza, kama katika beseni langu, maana hata maabara kubwa huwaweka kwenye udongo siku kumi na nne kuona watakufa wangapi. Na udongo safi ukishaletwa, wamwagwe waupe uhai. Nitawatoa wangu bure. Lakini atakayewapeleka kwenye sumu yenyewe kwanza aseme nani atawakusanya baadaye, nani atazuia kuku, bata na kunguru, na watatupwa wapi.

Wale kumi na watatu waliobaki nimewafungia kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, pamoja na udongo wao. Iko uani, juu ya tofali. Nimeuliza ofisi mbili pa kuipeleka, na bado iko uani.

Mfugaji wa nyungunyungu,
Miritini, Mombasa