Barua ya malalamiko: kadi ya grafiksi niliyouziwa kwa jina la 4K

Moshi,
13 Januari 2025.

Meneja,
Duka la Kompyuta na Vifaa vya Elektroniki,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: KADI YA GRAFIKSI ISIYOKIDHI MATUMIZI NILIYOIELEZA WAKATI WA KUNUNUA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga video za sherehe hapa Moshi. Desemba iliyopita nilifika dukani kwenu kutafuta kadi ya grafiksi ya bei nafuu, na nilimweleza muuzaji wenu shida yangu kinagaubaga. Nina Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile nyembamba, ambayo nyuma ina tundu za DisplayPort na VGA, HDMI, tundu la kawaida la televisheni, haina. Nilitaka kuiunganisha na televisheni ya 4K niliyoiweka studio ili wateja waone kazi yao kabla ya kumalizia malipo. Nikamwambia video zangu ni za 4K, fremu (picha) 50 kwa sekunde, za H.265, yaani zimebanwa kwa mfumo huo ili faili liwe dogo. Nikamwambia pia kadi iwe fupi na isihitaji waya wa umeme wa ziada, maana pawasaplai ya mashine hiyo ni ndogo. Akachukua kadi ya NVIDIA iitwayo GT 710 kwenye rafu, akanionyesha kibandiko mlichokibandika wenyewe kilichoandikwa "4K HDMI", akasema, "Hii ndiyo yenyewe, kaka." Nikalipa shilingi 150,000. Risiti ya EFD ninayo.

Kuingia, kadi iliingia vizuri, na televisheni ikawaka na sauti ikatoka. Lakini kwenye mipangilio ya kioo, ukichagua 3840 kwa 2160, ndiyo 4K yenyewe, kiwango cha juu kabisa kinachotokea ni 30Hz, yaani picha 30 kwa sekunde. Nikabonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti, televisheni yenyewe ikaandika vilevile: 30Hz. Hata mshale wa kipanya ukiusogeza unaruka, unafika upande wa pili bila kupita katikati.

Naomba nikueleze maana ya jambo hili kwa kazi kama yangu. Kuna wakati ndafu inaingizwa ukumbini. Wapishi wanakuja wanacheza, wamembeba juu mbuzi aliyechomwa mzima, shada la majani mdomoni, na kamera inawafuata kutoka mlangoni hadi meza ya maharusi. Nilirekodi kwa fremu 50 makusudi, ili mwendo ule uwe laini. Kadi yenu inaonyesha picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo katika kila fremu tano mbili zinatupwa, na wapishi wanaonekana wanashtuka badala ya kucheza. Baba mmoja kutoka Machame alikaa kuangalia kipaimara cha binti yake, akaniuliza kama kamera yangu ni mbovu. Kamera ni nzima. Ila yeye alichokiona ni televisheni, na jina linaloharibika ni langu.

Chanzo cha tatizo kinafahamika. HDMI ya GT 710 ni toleo la 1.4, lililotoka mwaka 2009, na uwezo wake ni gigabiti 10.2 kwa sekunde. Picha moja ya 4K ina nukta zaidi ya milioni nane, mara nne ya picha ya 1080, ile ya Full HD. Kuzipeleka mara 50 au 60 kwa sekunde bila kuzipunguzia rangi kunahitaji HDMI 2.0, ya mwaka 2013, inayopitisha hadi gigabiti 18. Kibandiko chenu kwa hiyo kimesema nusu ya ukweli: 4K inatoka, ila kwa 30Hz, na hiyo 30 haikuandikwa popote. Zaidi ya hapo, chipu ya GT 710 haifungui video za H.265, kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa ya mashine, inafika asilimia 100 na picha inaganda. Na jambo la tatu, ambalo muuzaji alipaswa kulijua: chipu hiyo ni ya familia ya Kepler, ambayo NVIDIA iliacha kuitengenezea draiva mpya (programu inayoiendesha kadi) mwaka 2021, na hata marekebisho ya usalama yaliishia Septemba 2024. Mliniuzia Desemba.

Niliporudi kwenu, fundi alisema tatizo ni waya, nikauziwa waya mwingine wa HDMI. Ikawa 30Hz ileile, kwa sababu waya hauwezi kuongeza kisichotoka kwenye kadi. Akasema basi ni televisheni. Televisheni hiyohiyo inapokea 60Hz kutoka kwenye laptopu yangu bila shida. Mwisho akaniambia nishushe iwe 1080. Ndugu Meneja, mtu anayemlipisha mteja kwa kazi ya 4K hawezi kumwonyesha 1080 akamwambia ndiyo hiyo.

Nilipoomba kubadilishiwa, nilionyeshwa maneno yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo siyakubali. Sikubadili mawazo wala sijavunja kitu. Nilitaja matumizi, nikataja televisheni, nikataja aina ya video, mkanichagulia ninyi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi yake na kutegemea ujuzi wake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Ninachoomba ni hiki. Mchukue GT 710 na ule waya, mnipe kadi ya GT 1030 yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5, na tofauti ya bei nitaongeza mwenyewe. Hiyo ina HDMI 2.0, inafungua H.265, inakula wati 30 tu na zipo fupi zinazoingia kwenye mashine yangu. Nasisitiza GDDR5 kwa sababu mwaka 2018 ilitoka GT 1030 nyingine ya kumbukumbu ya DDR4 yenye jina lilelile, ambayo kasi ya kumbukumbu yake imeshuka kutoka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi 16.8. Boksi linafanana, kwa hiyo nitasoma maandishi kabla sijapokea. Kama hamna, nirudishiwe fedha zangu zote, pamoja na za waya.

Naomba pia mbadilishe vibandiko rafuni. Andikeni "4K 30Hz" pale ilipo 30, na "4K 60Hz" pale ilipo 60. Wapo vijana wengi Moshi na Arusha wanaofungua studio kwa kompyuta za mtumba kama yangu, na laki moja na nusu kwao ni mtaji.

Nitasubiri jibu lenu la maandishi hadi tarehe 27 Januari. Baada ya hapo nitaipeleka barua hii Tume ya Ushindani, pamoja na risiti na picha ya kibandiko. Kadi nimeirudisha kwenye boksi lake na vipande vyake vyote, iko tayari kuletwa siku mtakayosema.

Wenu,
Mteja, mpiga video, Moshi.

Viambatanisho: nakala ya risiti mbili, picha ya kibandiko, picha ya televisheni ikionyesha 30Hz.