Transista ndefu nayo ina kazi yake

Mhariri,

Kila nikifungua ukurasa wako wa teknolojia nakuta chipu za nanomita (sehemu moja ya bilioni ya mita): mara 7, mara 5, mara 3. Sibishi. Ila vijana sita ninaowafundisha hapa Kisauni baada ya Isha wameshaamini kwamba transista (swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu) bora ni ile fupi kupita zote, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Transista hupimwa kwa chaneli, njia iliyo chini ya geti (sehemu inayoifungua na kuifunga) ambamo umeme hupita kutoka sosi, mlango wa kuingilia, hadi dreni, mlango wa kutokea. Kwa kompyuta, njia fupi ndiyo kasi. Lakini saketi inayokesha kwa betri ndogo ya saa, au inayotakiwa kutoa mkondo usioyumba hata volti ikipanda, inataka njia ndefu na nyembamba. Kelele yake, yaani mtikisiko wa umeme usiotakiwa, huwa ndogo. Tena mbili zikichorwa sawa hufanana zaidi, maana hitilafu za kiwandani hupungua eneo la geti likikua. Marcel Pelgrom na wenzake waliandika hesabu yake mwaka 1989: eneo likiongezwa mara 4, tofauti kati ya jozi hushuka kwa nusu.

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alihitaji chaneli ya upana wa maikromita 1 (nanomita 1,000) na urefu wa 40. Aliichora kwa Magic, programu ya bure, akitumia kanuni za uchoraji za SkyWater, kiwanda cha chipu cha Marekani, za nanomita 130 ambazo ziko wazi kwa kila mtu tangu 2020. Akaona 40 haimtoshei mahali, akaikunja kama nyoka. Mchoro ulipendeza macho. Taabu ni kwamba umeme ukifika kwenye kona haupiti katikati, hukata kwa ndani palipo karibu. Zile 40 alizohesabu hazikuwa 40 tena.

Nikamwambia atazame mkeka tuliokalia. Haukusukwa mzima; ni ukili mwembamba ulioshonwa ubavu kwa ubavu. Basi achore vipande 8 vya maikromita 5, vyote vilivyonyooka na kuelekea upande mmoja, dreni ya hiki iwe sosi ya kile, geti zote zifungwe pamoja. Umeme utaona karibu njia moja ya 40. Kama ina pacha wake, vipande vyao vichanganywe ili joto na hitilafu viwapate sawa. Na pembeni kabisa viwekwe vipande visivyo na kazi, kwa sababu kipande kisicho na jirani huchongwa tofauti kiwandani.

Haya yote tunayafanya kwa laptopu moja ya mitumba. Nakuomba, Mhariri, uwape nafasi wachoraji wa saketi waeleze ufundi huu kwa Kiswahili, na vyuo vyetu vya Pwani viuweke darasani, usibaki kwenye mkeka wangu. Yule kijana amemfuta nyoka wake. Jana usiku nilimwacha kwenye kipande cha sita.

Mwalimu wa saketi,
Kisauni, Mombasa