Asilimia 97 ya nani? Matokeo ya shule tunasomewa nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na walimu wakuu, maafisa elimu kata na wazazi wenzangu wa huku ziwani. Kila matokeo ya darasa la saba yakitoka mambo ni yaleyale, mkeka wa matokeo wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, unarushwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, kila mtu anatafuta wa kwake, wanapongezana, halafu siku mbili tatu mbele shule inatundika bango getini UFAULU ASILIMIA 97 HONGERENI WALIMU NA WAZAZI, na hapo habari imeisha mpaka mwakani.

Bango lenyewe silipingi, walimu wanafanya kazi ngumu na wakipata cha kujivunia waache wajivunie. Mi nauliza tu asilimia 97 ya nani? Maana hiyo hesabu inaanza na watoto waliokaa kwenye chumba cha mtihani, haianzi na watoto walioandikishwa darasa la kwanza.

Tuchukue mfano wa kubuni tu ili nisionekane namsema mtu. Shule imeandikisha darasa la kwanza watoto 120, miaka saba baadae wanaofanya mtihani ni 70, wanafaulu 63. Bango litasema asilimia 90, na ni kweli kabisa, hakuna aliyedanganya. Lakini chukua wale 63 gawanya kwa 120 unapata asilimia 52 na nusu. Sasa hao hamsini waliopungua wako wapi? Najua wapo waliohamia shule nyingine na wapo waliokariri darasa, sawa, basi semeni wamehama wangapi, wamekariri wangapi, tubaki na wale ambao hakuna anayejua walikoishia. Huku Igombe na Kayenze, nenda visiwani huko Ukerewe, nenda Buchosa, hao watoto hata hatuwatafuti mbali, wa kiume yuko mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anaanika dagaa au ameshaingia ziwani na mtumbwi wa mjomba wake, wa kike kapelekwa mjini kulea mtoto wa watu. Mtu akipeleka dagaa soko la Kirumba mjini Mwanza akahesabu ndoo zilizofika sokoni tu, zilizooza njiani asizitaje, mwenye mali atamuelewa kweli? Sisi kwa watoto tunaelewa kila mwaka na tunapiga makofi.

Na hili sio jambo la kubahatisha. Mwaka 2013 ulipokuja ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikaanza kupangwa kwa nafasi hadharani, ya ngapi wilayani, ya ngapi kitaifa, na rangi juu, kijani, njano na nyekundu. Watafiti walipokuja kuangalia ulileta nini wakakuta shule zilizokuwa mkiani kwenye wilaya zao zilipandisha ufaulu miaka iliyofuata, safi, ila wakakuta pia kwenye hizohizo shule idadi ya watoto wanaofanya mtihani imepungua. Yaani presha ya nafasi ilifanya kazi mbili kwa mpigo, ikawaamsha walimu na ikawapunguza watoto wazito wa kuelewa. Mzazi yeyote wa kawaida angeweza kutabiri hilo, ukinipima kwa wastani wa waliofanya mtihani basi njia fupi ya kupandisha wastani ni mtoto anayeshika mkia asifike chumba cha mtihani. Hatafukuzwa, hapana, ataachwa tu, akikosa wiki mbili hakuna anayeulizia.

NECTA wenyewe Januari 2023 wakati wanatangaza matokeo ya kidato cha nne walisema kumi bora basi, hakuna tena kutaja shule za kwanza wala wanafunzi wa kwanza kitaifa. Watu walilalamika sana, eti ushindani umeuliwa. Mi niliona wamefanya vizuri, shule ya bweni inayochuja watoto kwa mtihani wa kuingia na shule ya kata ambayo mtoto anatembea saa nzima kwa mguu haziwezi kuwekwa mstari mmoja. Ila kufuta kumi bora hakujaleta taarifa mpya, kumeacha pengo tu, na pengo limezibwa na mabango.

Halafu hata hizo namba tunazopewa mzazi wa kawaida azifanyie nini? Unaambiwa wastani wa shule ni 148. Kati ya ngapi? Hakuna anayesema. Masomo ni sita, kila somo alama 50, jumla 300, kwa hiyo 148 haijafika hata nusu, lakini ukiitaja peke yake kwenye kikao inasikika kubwa watu wanapiga makofi. Sekondari ndio kabisa, ufaulu unaosomwa unaanzia divisheni one mpaka four, mzazi anasikia asilimia 93 anafurahi, hajui kwamba kundi kubwa humo ndani linaweza kuwa la four tupu ambao kidato cha tano hawaendi. Si mseme tu one wangapi, two wangapi, three wangapi, four wangapi, ziro wangapi, ni mistari mitano ya chaki.

Kingine kinachoniuma ni upimaji wa KKK darasa la pili, ule wa kusoma kuandika na kuhesabu. Hapo ndipo mzazi angeweza kusaidia mapema, mtoto ana miaka minane, hajui kusoma, bado kuna muda. Shule ya kwetu matokeo ya huo upimaji sijawahi kuyasikia kwenye kikao, tunakuja kushtuka darasa la saba mtoto anaanza kupiga ramli kwenye ile karatasi ya kusiliba, A B C D E, na ukimpa gazeti hili hawezi kukusomea kichwa cha habari.

Lakini tusiwalaumu walimu tu. Kikao kinaitishwa watu hatuji, na tukija tunauliza michango ya chakula basi. Ila nao wanaopanga vikao wangetuuliza kwanza. Huku wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani kipindi cha giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, kila mtu wa mwalo anajua. Sasa unaitisha kikao cha wazazi asubuhi kipindi cha giza, baba ndio kwanza anatoka ziwani hajalala, mama yuko kwenye kuanika kabla jua halijawa kali, nani atakuja? Halafu inaandikwa kwenye ripoti wazazi wa visiwani na mialoni hawana mwamko wa elimu. Pangeni kikao kwenye mbalamwezi muone kama viti vitatosha.

Na jamani hii tabia ya kusoma majina yote hadharani wa kwanza mpaka wa mwisho ikome. Mzazi wa yule wa mwisho anainama, mtoto anachekwa njia nzima, kikao kinachofuata huyo mzazi humuoni tena, na yeye ndiye tuliyekuwa tunamhitaji zaidi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sijui kama huko mashuleni kuna anayeikumbuka. Matokeo ya mtoto apewe mzazi wake mkononi, kwenye mkutano zisomwe hesabu za shule nzima.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Karatasi moja tu kwa mwaka, Kiswahili cha kawaida, ibandikwe ubao wa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu na ya mtendaji wa mtaa au kijiji, isomwe kwenye mkutano wa hadhara kwa wasiojua kusoma, na hapohapo ipigwe picha irushwe kwenye grupu. Iseme watoto wa mkupuo huu walianza wangapi, wakahamia wangapi, wakahama wangapi, walioacha wangapi wavulana na wasichana kila mmoja na mstari wake, maana tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule na tunataka kujua wamerudi wangapi. Iseme pia darasa la pili wanaosoma ni wangapi na wasiosoma wangapi, walimu wako wangapi, darasa moja lina watoto wangapi. Ruzuku nayo iwepo humohumo, ile elfu kumi ya kila mtoto wa msingi kwa mwaka ambayo elfu sita inakuja shuleni na elfu nne inabaki juu kwa ajili ya vitabu, imefika kiasi gani na imefanya nini. Takwimu zote hizi shule inazo, zinajazwa kila siku kwenda halmashauri na TAMISEMI inayosimamia serikali za mitaa, zinapanda juu tu hazishuki kwetu.

Na sasa hivi ndio muda wake, kwa sababu sera ya elimu toleo la 2023 imesema elimu ya lazima ni miaka kumi. Ikishakuwa lazima, namba ya kwanza ya kuripoti iwe nani amefika huo mwaka wa kumi, mambo ya nani kapata A yafuate baadae.

Kwa hiyo Mhariri, kama itakupendeza, naomba afisa elimu yeyote wa halmashauri za mkoa wetu anijibu hapahapa gazetini: watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2019, waliofanya mtihani wa darasa la saba 2025 ni wangapi, na waliobaki mmewaulizia kwa nani?

Mzazi,
Igombe, Ilemela – Mwanza