Wimbo waliotaka uharibike

Mwanangu,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Mara ya kwanza mamako alikuwa anakaanga samaki, sikusikia kitu. Mara ya pili nikatoka na simu hadi barazani. Kwa hiyo mmekubaliana, wewe na wenzio, kwamba Jumamosi mtaupiga ule wimbo wa kuwasalimia wageni ovyo kabisa, makusudi, gitaa lisisikizane na besi, ili meneja wa hoteli achoke kuuomba. Mara nne kwa usiku mmoja, umesema, na mzungu mmoja akishalewa huwa mara ya tano.

Nilicheka mpaka mamako akaja kuniuliza nina nini. Sikucheka kwa kukudharau. Nimecheka kwa sababu nawajua watu waliokula njama hiyo hiyo, miaka 40 na ushei iliyopita, huko Hollywood, na najua iliishia wapi. Nakuandikia badala ya kukujibu kwa sauti kwa sababu habari yenyewe ni ndefu, na wewe ujumbe wa babako ukipita dakika mbili huumalizi.

Unaikumbuka ile kaseti ya mtu wa kinyago? Ulipokuwa mdogo ulikuwa huingii chumbani kwangu mpaka niigeuze kifudifudi. Niliinunua Long Beach, California, mwishoni mwa 1983, meli yetu ilipokuwa inashusha shehena. Nilimwambia kijana wa dukani anipe inayouzwa sana wakati ule, nikitaraji atanipa Michael Jackson au Lionel Richie nimletee mamako. Akanipa hiyo. Bendi inaitwa Quiet Riot, albamu inaitwa Metal Health. Nilipoiweka kwenye redio kule chini kwenye injini nikadhani redio imekufa spika. Baada ya wiki moja nikatambua kwamba ndio muziki pekee unaosikika juu ya kelele za injini, na nikaachana na wazo la kuirudisha dukani.

Walikuwa watu wa roki ya Los Angeles, ya kumbi za barabara ya Sunset na jirani zake, Whisky a Go Go, Starwood na nyinginezo. Wanaume wazima, nywele zimepuliziwa dawa mpaka zimesimama kama manyoya ya jogoo anayetaka kupigana, suruali za kubana, wanja machoni. Glamu metali, ndivyo muziki huo ulivyokuja kuitwa. Bibi yako alipoona picha yao aliuliza bibi harusi ni yupi.

Bendi waliianzisha vijana wawili mwaka 1973, Randy Rhoads wa gitaa na Kelly Garni wa besi. Mwimbaji, Kevin DuBrow, alikuja 1975. Hata jina lilitokana na kusikia vibaya: Mwingereza mmoja, Rick Parfitt wa bendi ya Status Quo, alimwambia DuBrow kwamba angependa kuwa na bendi inayoitwa Quite Right, yaani sawasawa kabisa. Kwa lafudhi ya kwao, DuBrow akasikia Quiet Riot, ghasia za kimya. Basi ikawa hivyo.

Huyo Rhoads alikuwa kijana mdogo wa umbo, mpole, mchana akifundisha gitaa kwenye shule ya muziki ya mamake, Musonia, North Hollywood. Usiku anapanda jukwaani. Walikuwa wakijaza kumbi, lakini makampuni ya Marekani hayakuwataka. Albamu zao mbili za kwanza zilitoka Japani peke yake. Hebu fikiria, unajulikana mtaani kwenu, na jirani yako akitaka kununua santuri yako lazima aiagizie ng'ambo ya Pasifiki. Mwaka 1979 Rhoads akaenda kumpigia gitaa Ozzy Osbourne, mwimbaji wa roki Mwingereza, na bendi ikavunjika. DuBrow akaunda nyingine na kuiita DuBrow. Hapo ungeweza kumjua ni mtu wa namna gani.

Tarehe 19 Machi 1982, Leesburg, Florida, Rhoads alikufa. Miaka 25. Mtu aliyekuwa akiogopa kupanda ndege. Dereva wa basi la bendi ya Ozzy ndiye aliyekuwa rubani wa kindege alichopanda siku hiyo, akawa anakipitisha chini chini juu ya basi kwa mchezo, wenzao wengine wamelala ndani. Bawa likaligusa basi, ndege ikaenda kuangukia nyumba. Walikufa wote watatu waliokuwamo. Mpiga besi wa Ozzy, Rudy Sarzo, mzaliwa wa Havana, alikuwa ndani ya basi lile.

Miezi michache baadaye DuBrow alikuwa studio anarekodi tena, akamwita Sarzo apige besi kwenye wimbo mmoja tu, Thunderbird, wa kumuaga Rhoads. Sarzo akaja kwa wimbo huo mmoja, akabaki. Jina la Quiet Riot likarudi. Gitaa alishika Carlos Cavazo. Drams alikaa Frankie Banali, na huyu ndiye ninayetaka umsikilize vizuri.

Sasa njama. Prodyusa wao, Spencer Proffer, alitaka warekodi wimbo wa watu: Cum On Feel the Noize, wa bendi ya Kiingereza inayoitwa Slade, ambao Uingereza ulikuwa umeshashika nambari moja mwaka 1973 na Marekani haukwenda popote. DuBrow hakutaka hata kuusikia. Yeye ni mtunzi, ana nyimbo zake, na unajua hesabu ilivyo: ukiimba wimbo wa mtu, fedha za utunzi zinakwenda kwa mtunzi. Kila kaseti ikiuzwa, kuna senti zinazovuka bahari kwenda kwa Noddy Holder na Jim Lea wa Slade, na wewe uliyepasuka koo huzioni. Kwa hilo simlaumu hata kidogo.

Wakakubaliana kutoufanyia mazoezi. Proffer akiuliza, wanamwambia unaendelea vizuri. Siku ya kurekodi wataingia hivyo hivyo, wauvuruge mbele ya macho yake, mwenyewe aseme basi, tupeni kule. Banali amesimulia kisa hiki mara nyingi kwenye mahojiano. Siku ikafika, mitambo ikawashwa, na yeye ndiye wa kuanza.

Chukua simu yako uusikilize, nitangoja. Unaanza kwa drams, na sauti ya DuBrow inaingia juu ya drams tupu, gitaa bado halijagusa. Maana yake ni kwamba kama drams ni mbovu, wimbo umekufa hapo hapo, kabla mtu mwingine hajatia mkono. Njama yote ilikuwa imekaa kwenye viganja viwili vya Banali. Na viganja vikakataa. Alipiga kama anavyopiga siku zote, yaani vizuri mno, ule mpigo mzito unaotembea kama mtu aliyebeba gunia na hana haraka; Cavazo na Sarzo wakamfuata, kwa sababu drams za namna ile huwezi kuziacha zikaenda peke yake. DuBrow alikuwa pembeni amekunja uso. Prodyusa alifurahi kupita kiasi.

Mimi nimeishi na mafundi maisha yangu yote na nakwambia, hilo halinishangazi. Nilimwona fundi wa kuchomelea akiambiwa aunge bomba kwa muda tu, meli inakwenda kuuzwa chakavu, na bado akaipitisha sindano ya moto taratibu, akapangusa, akairudia. Hajui njia nyingine.

Wimbo ukapanda Marekani mpaka nafasi ya 5. Mwezi Mei 1983 walikuwa wa kwanza kupanda jukwaani siku ya hevi metali, yaani roki nzito, kwenye tamasha la US Festival, kule San Bernardino, saa za jua kali, mbele ya umati usiohesabika. MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, ilikuwa na umri wa miaka miwili tu na inatafuta video za kujaza saa 24. Tarehe 26 Novemba albamu ikakaa nambari moja kwenye orodha ya mauzo ya jarida la Billboard, ikaing'oa Synchronicity ya bendi ya The Police. Wengi huitaja kuwa ya kwanza ya hevi metali kufika pale. Ilikaa wiki moja, kisha Lionel Richie akaja akaichukua nafasi. Nilipojua hilo baadaye nilimwambia mamako kwamba ningechelewa siku chache tu Long Beach angepata zawadi yake. Nakala zilizouzwa Marekani zilifika milioni 6.

Na sasa ndipo mdomo ulipoponza kichwa. DuBrow alishika msimamo kwamba wao ndio waliofungua mlango, na bendi nyingine zote za Los Angeles, kina Mötley Crüe na Ratt, zimepita mgongoni mwao. Alisema hivyo magazetini, akarudia, akaongeza na matusi. Alikuwa na haki nusu: baada ya Metal Health makampuni yalimsajili kila mwenye nywele ndefu na gitaa. Lakini mlango ukishaufungua, huwezi kusimama kizingitini ukamdai kila apitaye nauli. Watu wa magazeti wakamchoka, wanamuziki wakamchoka, mwisho mashabiki.

Hapa sina la kukuficha. Mimi mwenyewe niliteremshwa meli Karachi kwa kumwambia chifu injinia jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Nilirudi nyumbani na kweli yangu na begi moja. Mwaka huo wewe ulikula kwa shangazi yako zaidi kuliko kwetu, muulize.

Mwaka 1984 wakatoa albamu nyingine, Condition Critical. Unadhani humo waliweka nini? Wimbo mwingine wa Slade. Safari hii hakuna aliyekusudia kuuharibu, na ndio ulioharibika. Husikii kosa lolote, husikii mtu pia. Albamu ikagota nafasi ya 15. Sarzo akaondoka 1985. Mwaka 1987 wakamfukuza DuBrow kutoka bendi aliyoifufua mwenyewe, wakaleta mwimbaji mwingine, na 1989 ikafa. Watu hupenda kusema bendi ya Nirvana na vijana wa roki wa Seattle ndio waliowamaliza watu wa wanja mwaka 1991. Wengine, ndiyo. Hawa walikuwa wameshajizika.

Walipatana tena miaka ya tisini, kwa ukumbi mdogo na maonyesho ya vijijini, na DuBrow na Banali wakazeeka pamoja kama watu wawili waliochoka kugombana. Novemba 2007 DuBrow alikutwa amekufa nyumbani kwake Las Vegas. Kokeini. Miaka 52, na alikuwa amekaa siku kadhaa bila mtu kujua. Hilo la siku kadhaa ndilo linalonikaba, mwanangu, kwa mtu ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kile.

Banali alitangaza kwamba bendi haitaendelea. Kisha mwaka 2010 akairudisha, kwa baraka za familia ya DuBrow. Akabadilisha waimbaji mmoja baada ya mwingine kama mtu anayejaribu viatu vya marehemu. Mwaka 2019 akaambiwa ana saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea, na kati ya matibabu alikuwa bado akienda kupiga. Wimbo ule ule wa Slade, kila onyesho, tangu 1983. Alikufa Agosti 2020.

Sikwambii muupige vizuri Jumamosi wala sikwambii muupige vibaya. Meneja wenu simjui, na mara nne kwa usiku mmoja ni nyingi, hata mwenye kuutunga angelia. Ila nina swali moja. Yule mpiga drams wenu, yule kijana wa Ukunda asiyezungumza, aliyekuja Idi akala wali sahani tatu na hakusema neno: mlimuuliza, au mlikubaliana yeye akiwa anafungua drams zake?

Mamako amekutilia mahamri kwenye mkoba, atauleta dereva wa matatu ya asubuhi, umngoje stendi. Chini ya mahamri kuna kaseti. Redio ya kuichezea utatafuta mwenyewe, yangu ilikufa. Upande wa pili, kwenye wimbo wa mwisho, ndio huo Thunderbird, pana mahali utepe ulimezwa mwaka 1985 tukiwa Ghuba ya Aden. Niliutoa pole pole nikauzungusha kwa kalamu ya Bic. Sauti itazama kidogo kama mtu aliyepiga mbizi, kisha itarudi. Usiizime.

Babako