Barua kwa kaka yangu, kuhusu Mandrake na kasha la vitabu

Kaka yangu,

Ujumbe wako umenifikia kupitia kwa shangazi, kwa kuwa huu ni mwaka wa nne mimi na wewe hatupelekeani salamu bila ya mtu wa katikati. Unalitaka lile kasha la bati lililokuwa chini ya kitanda cha mama, lenye vitabu vya Mandrake, yule mwanamazingaombwe wa hadithi za picha, kwa sababu mwanao wa mwisho ameanza kupenda hadithi za picha. Nimefurahi kusikia habari za mtoto, na Mungu amkuze. Ninakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu neno lililotutenganisha nalo ulilisema mbele ya watu.

Nimelifungua kasha. Mende hawajaingia, maana mama alikuwa akibadilisha karafuu kila mwaka hata baada ya sisi wawili kuota mvi. Vitabu ni vilevile baba alivyokuwa akituletea kila meli yake ilipotoka Bombay, vya ule mfululizo wa Indrajal ulioanza kuchapishwa huko mwaka 1964. Unakumbuka ulivyokuwa ukikasirika pale mhusika alipoeleza kwa urefu jambo ambalo tumetoka kuliona kwa macho yetu kwenye picha ya juu yake? Ulikuwa ukisema mwandishi anatudhania wajinga. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba hadithi zile hazikutungwa ziwe vitabu. Zilitoka katika magazeti ya Marekani, kuanzia tarehe 11 Juni 1934, visanduku vichache vya picha kwa siku, na kila siku ilikatika mahali ambapo msomaji alibaki na hamu ya gazeti la kesho. Kwa hiyo Lee Falk, aliyezitunga, ilimbidi kila mara amkumbushe mtu aliyelikosa gazeti la jana. Wachapishaji wa Bombay walivipanga upya visanduku hivyo katika kurasa, na baadhi ya vikumbusho hivyo vikabaki. Mwambie mwanao hivyo, asije akamlaumu bure kama ulivyomlaumu wewe. Mtu huyo aliandika hadithi hizo tangu akiwa kijana wa miaka 23 hadi alipofariki mwaka 1999, na mimi ninamheshimu.

Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuvipenda vitabu hivyo mwanzoni. Alipomwona mtu mwenye kofia ndefu, joho na masharubu membamba akinyoosha vidole na bastola ya jambazi ikageuka nyoka, alisema nyumba yake haitaingia uchawi. Wewe ndiye uliyemweleza, na ulimweleza vizuri kuliko mtu mzima yeyote, kwamba yule hafanyi uchawi bali kiinimacho: bastola inabaki bastola, ila macho ya jambazi yanaona nyoka, naye anaitupa mwenyewe. Mama alicheka akasema kama ni kiinimacho basi hata wauza samaki wa sokoni wanakijua. Tangu siku hiyo kasha likapata mahali chini ya kitanda chake. Nilikupenda sana siku ile, kaka. Nilikuwa na miaka saba, sina mwaka katika nyumba yenu, na niliona kwamba kama ulimi wako unaweza kuvitetea vitabu, siku moja utanitetea na mimi.

Kisha tukaanza kuuigiza ule mchezo. Koti la baba lilikuwa joho lako, na Mandrake ulikuwa wewe daima. Mimi nilikuwa Lothar, yule Mwafrika anayefuatana na Mandrake. Nilipouliza kwa nini, ulisema Lothar ndiye mwenye nguvu kuliko wote duniani, jambo ambalo ni kweli, nami nikaridhika. Ila ulinifundisha kusema kama Lothar: "Bwana, mimi vunja mlango. Bwana, mimi beba mzigo." Mimi niliyekuwa nikisoma mashairi shuleni nikasifiwa, nilikivunja Kiswahili changu ukumbini kwako ili mchezo uendelee. Na mzigo niliubeba kwelikweli, maana ndoo za maji zilikuwa sehemu ya mchezo siku ambazo zamu ilikuwa yako.

Ninalolileta kwako leo ni kwamba ulivisoma vitabu vile mara mia na hukumtazama Lothar hata mara moja. Lothar ni mwana wa mfalme. Ni mrithi wa shirikisho la mataifa saba ya Afrika, aliyeuacha ufalme kwa hiari yake ili asafiri na rafiki yake kupambana na wahalifu. Ni kweli kwamba wale Wamarekani wa 1934 walimvika ngozi ya chui na kofia ya tarbushi na kumfanya aseme Kiingereza kibovu, na msomaji wa Afrika hana sababu ya kulifumbia macho jambo hilo. Lakini hawakumwacha hivyo. Phil Davis, aliyezichora picha tangu mwanzo, alifariki mwaka 1964, na Fred Fredericks alipoishika kalamu mwaka uliofuata, Lothar akavikwa nguo za mtu wa zama zake na akaanza kuzungumza lugha iliyonyooka, akawa mwenza badala ya mtumishi. Iliwachukua miaka 31 kumrudishia ulimi wake, lakini walimrudishia. Sisi tulikuwa na vitabu vya Lothar wa aina zote mbili ndani ya kasha moja, na wewe ulimchagua yule wa kwanza.

Hayo yote yangebaki kuwa mambo ya watoto kama si siku ya hitima ya mama. Sijui kama unaikumbuka kama ninavyoikumbuka mimi. Wageni wako kutoka Maskati walikuwa wameketi barazani, nami nilikuwa nikitoka uani na birika na beseni la kunawia. Nilikuwa sijalala siku tatu. Ulinyoosha vidole viwili kwangu, kama Mandrake, ukawaambia wale watu, "Huyu ndiye Lothar wangu." Kisha ukanigeukia ukasema, kwa ile sauti ya utotoni, "Lothar, leta maji." Walicheka kwa sababu ulicheka. Mmoja wao, mzee, hakucheka, naye ndiye pekee ninayeikumbuka sura yake. Niliweka birika chini, nikavaa viatu, nikaondoka kabla ya dua.

Ninajua inavyosemwa: kwamba niliikimbia hitima ya mwanamke aliyenilea. Kaka, mimi ndiye niliyekaa naye miezi kumi na moja ya ugonjwa. Mimi ndiye niliyejua usiku upi anataka maji ya uvuguvugu na upi anataka baridi. Ulikuwa ukituma pesa kila mwezi, na sikukuficha kwa mtu yeyote. Kila mgonjwa mwenzake aliambiwa na mama kwamba dawa zile zimetoka kwa mwanawe aliye mbali. Nilimwombea dua peke yangu usiku ule, kaburini, na taa ya simu, na siamini kwamba dua ile ilikuwa pungufu kuliko zile za barazani.

Sasa shangazi ananiambia kwamba umenipandisha cheo, kwamba kwa kulizuia kasha hili umeanza kuniita Cobra, adui mkubwa wa Mandrake. Hilo ndilo lililoniketisha niandike. Unaijua hadithi ya Cobra kuliko mimi, kwa hiyo isome tena. Katika hadithi ya kwanza kabisa Mandrake alimwandama mpaka ikadhaniwa amekwisha, na mwaka 1965 ikajulikana kwamba yu hai, uso wake nyuma ya barakoa ya fedha. Alichokuwa akikitafuta ni mchemraba wa kioo uongezao nguvu za akili. Ilikuwapo miwili, mmoja akiulinda Mandrake na wa pili akiulinda Theron, baba yake. Na tulipofika mwisho wa utando wote ule, Cobra alikuwa ni Luciphor, mwana mkubwa wa Theron, ndugu wa Mandrake kwa baba. Mwana mkubwa, kaka. Nyumba ya mama sikuidai. Shamba sikuliulizia. Nilichukua kasha la bati kwa sababu siku ya kugawana vyombo hakuna aliyelitaja, na fundi alikuwa tayari amelitoa nje pamoja na magodoro mabovu.

Nilitaka kukushauri juu ya mwanao na ninaona nimejieleza mwenyewe tu. Basi ushauri ni huu: watakapocheza yeye na wale watoto wa jirani, wabadilishane joho. Na akikuuliza kama Narda, yule binti wa mfalme mpenzi wa Mandrake, aliolewa, mwambie ndiyo, mwaka 1997, baada ya kumsubiri Mandrake zaidi ya miaka sitini, na harusi ikafanywa mara tatu. Mama alitaka sana kulijua jambo hilo, akafa hajaambiwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijalijua.

Kasha litaletwa na mume wa shangazi, anasafiri Jumatano. Vitabu vilikuwa arobaini na kimoja, nawe utahesabu arobaini. Nimekizuia kile cha Cobra, kilichochanika mgongo tulipokigombea, mama akakishona kwa uzi mweupe wa kanzu. Ukikitaka, kifuate wewe mwenyewe. Mlango unaujua. Piga hodi, na uniite kwa jina nililokuja nalo katika nyumba yenu.

Mdogo wako.