Barua kwa Seif: boila imegoma, na Shamte yuko njiani

Leicester,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Seif,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, natumaini wewe, Mama Zuhura na watoto hamjambo, na kwamba mgongo wako umetulia. Ukimya wangu tutauzungumza siku nyingine, kwa sababu leo nina shida inayotaka ulimi wako kabla ya Jumatano.

Boila ya nyumba hii, huo mtambo wa gesi unaotupashia maji na nyumba, imegoma kuwaka. Mama mkwe, ambaye amekuja kutoka Pemba kumwona mjukuu wake, anashinda mbele ya hita ya umeme tuliyoiazima kwa Mwajuma, amejitanda kanga juu ya sweta juu ya sweta nyingine, na kila nikipita ananiuliza kwa upole kama watu wa huku ndivyo wanavyoishi. Mke wangu naye ameanza kuniita Injinia, na si kwa kunisifu.

Nitakueleza inavyofanya, maana wewe ulihangaika na ya kwako huko Milton Keynes. Nikiiwasha, feni inaanza kuvuma, kisha zinasikika cheche, tak, tak, tak, halafu kimya. Inarudia mara kadhaa, kisha inajifunga yenyewe na kuonyesha kwenye kioo chake alama ya mwali uliopigwa mstari. Yale ya mwanzo nimekwisha kuyakagua. Gesi ipo, kwa kuwa jiko linawaka vizuri na mita ina salio. Umeme unafika, la sivyo feni isingezunguka. Betri za thamostati, kile kidhibiti joto, ni mpya. Na presha ya maji imepita kidogo baa 1, ambapo mfumo ukiwa umepoa hutakiwa kuwa kati ya 1 na 1.5. Kilichonitia shaka ni sauti. Kabla ya kujifunga, boila inagugumia ndani kama mtu anayesukutua koo, na hufanya hivyo pale tu baridi ya usiku inapokuwa kali.

Boila hizi za siku hizi hunyonya joto hata kutoka kwenye moshi wake, hivyo mvuke uliomo hupoa na kuwa maji, na maji hayo hutolewa kwa bomba jembamba la plastiki. Hapa kwetu bomba hilo limepita nje ya ukuta wa kaskazini, mwendo mrefu, karibu limelala, bila kufunikwa na chochote. Maji yakiganda humo, yanayofuata hayana pa kwenda, yanarudi nyuma, na boila inakataa kuwaka. Jana mchana nililimwagia maji ya uvuguvugu (yanayochemka hayafai, yanaweza kupasua plastiki), nikasubiri kidogo, nikabonyeza kitufe cha kuanza upya, na boila ikawaka! Tulioga sote. Usiku baridi ilirudi, na mgomo ukarudi nayo.

Kwa hiyo mimi naona ugonjwa uko nje ukutani, wala hauko kwenye gesi. Mzee Khamis, mwenye nyumba wetu, hataki kusikia hilo. Nilipompigia simu alisema boila imezeeka, na kwamba Jumatano atamtuma Shamte aifungue atazame vali ya gesi. Unamjua Shamte, makabati ya jikoni kwangu ni kazi ya mikono yake na sijaona mlango hata mmoja uliolegea. Lakini hana kadi ya Gas Safe, lile daftari la mafundi wa gesi wa huku, na kazi ya gesi katika nyumba ya kupangisha ni lazima ifanywe na mtu aliyesajiliwa huko, ambaye nyuma ya kadi yake zimeandikwa aina za kazi alizoruhusiwa. Mfuniko wa boila nao si pambo, kwa sababu katika nyingi za aina hii ndio unaoziba chumba cha moto, na ukirudishwa vibaya moshi unaweza kuingia ndani ya nyumba. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayoweza kuwamo katika moshi huo, haina harufu wala rangi, na mama mkwe na mtoto wanalala chumba cha juu ya jiko ilimo boila hiyo. King'ora cha kuonya gesi hiyo tunacho, lakini sitaki kukijaribu kwa namna hiyo.

Sasa mimi nitamwambiaje? Mzee alitupa nyumba hii wakati hatukuwa na mdhamini, na Shamte ni mtoto wa dada yake. Nikitaja sheria ataona namtishia. Nikinyamaza, Jumatano mfuniko unafunguliwa. Nikimwambia hata cheti cha ukaguzi wa mwaka huu sijakiona, ingawa mpangaji ana haki ya kupewa nakala, hapo ndipo tutakapoachana kabisa. Wewe anakusikiliza tangu ile safari ya maziko, hukumwomba kitu, naye hakusahau.

Ninachokuomba umfahamishe, kwa maneno yako, ni kwamba kumwita fundi aliyesajiliwa, akaweka bomba pana zaidi, lenye mteremko, na kulifunika sehemu ya nje, ni gharama ndogo ukiilinganisha na boila mpya anayoiogopa. Shamte anaweza kutoboa ukuta kama njia itabadilishwa, apate ujira wake, na heshima yake ibaki.

Utaweza kumpigia kesho baada ya Isha, anapokuwa ametulia? Yule fundi aliyekutengenezea ya kwako bado yupo, na anakubali kufika Leicester? Alikutoza kiasi gani? Bomba lako lilibadilishwa lote, au lilifunikwa tu? Ile hita yenu yenye magurudumu, mnaitumia, au naweza kuja kuichukua? Na Mzee akikuuliza nani aliyekueleza habari hizi, utamjibu nini?

Wako,
Bakari